Mpira wa Kikapu: Sokoni au Mtandaoni?

Swali: Msomaji wa Bilpam, Juba, anauliza iwapo vifaa vya mpira wa kikapu vinunuliwe mtandaoni au soko la Konyo Konyo.

Jibu: Mpira wenyewe ununuliwe sokoni, kwa kuwa mnunuzi huweza kuujaribu papo hapo: uliojazwa upepo ipasavyo, ukiachiliwa kutoka kimo cha mita 1.8, hudunda takriban mita 1. Wanaume hutumia namba 7, yaani wenye uzito wa gramu 600 hivi, na wanawake namba 6. Kwenye uwanja wa saruji ufaao ni wa raba, kwani saruji huichubua ngozi upesi. Mtandao unafaa kwa viatu ambavyo saizi yake haikupatikana sokoni, mradi miguu ipimwe kwa sentimita, jioni, ikiwa imetanuka.