Chaneli Ndogo Pia Inalipa: Jinsi ya Kupata Pesa Kutokana na Video Kabla ya Matangazo

Una chaneli ya video. Umeshaweka video 35 na una wafuasi 420. Kila ukifungua ukurasa wa mapato unaambiwa bado hujafikisha vigezo. Bando inaisha, na watu wa nyumbani wameanza kuuliza, "Na hiyo YouTube yako italipa lini?"

Swali hilo linauma, lakini lina jibu. Pesa ya matangazo ni njia moja tu ya kulipwa, na kwa chaneli ndogo ndiyo njia ndefu zaidi. Njia fupi ni kulipwa moja kwa moja, kwa simu, na watu wachache wanaohitaji kile unachokijua. Katika somo hili tutaona unauza nini, kwa bei gani, unapokea vipi, na unajilinda vipi.

Tuanze na hesabu ya matangazo

Ili YouTube ikugawie pesa ya matangazo, unahitaji wafuasi 1,000, na juu yake saa 4,000 za watu kutazama video zako ndani ya miezi 12. Njia ya pili ni video fupi, zile za Shorts, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hata ukikubaliwa, mapato yako hukaa mpaka yafike dola 100 ndipo yatumwe.

Sasa tuseme kila video yako inatazamwa mara 150, na kila mtu anatazama dakika 4. Hizo ni dakika 600, yaani saa 10 kwa kila video. Kufikisha saa 4,000 utahitaji video 400 za namna hiyo kwa mwaka. Hata ukiweka moja kila siku bila kupumzika, mwaka utaisha kabla hujafika.

Hatusemi uache kukuza chaneli. Tunasema usiweke kodi ya nyumba kwa matumaini ya matangazo.

Watu 150 si wachache

Kwa matangazo, watu 150 ni tone tu. Lakini hebu wafikirie wamekaa mbele yako kanisani au kwenye ukumbi wa chifu, wote wamekuja kukusikiliza wewe. Je, hakuna kumi kati yao ambao wangelipa sh500 kutatuliwa shida inayowasumbua?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kakamega anafuga kuku wa kienyeji na anaweka video kuhusu kulea vifaranga. Anaonyesha mambo ya kawaida kwake: vifaranga wakirundikana chini ya taa, wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni mbali na taa, joto limezidi, wakitawanyika vizuri na kula, joto liko sawa. Kwa mtu aliyenunua vifaranga 100 kwa mara ya kwanza, maarifa hayo ni pesa. Vifaranga 30 wakifa, ameshapata hasara kabla ya wiki mbili kuisha.

Chini ya video zake watu huandika maoni ya aina mbili. Wa kwanza anasema, "Kazi safi mama." Huyo ni mtazamaji, mshukuru. Wa pili anauliza, "Vifaranga wangu wanakufa wiki ya pili, nifanye nini?" Huyo anaweza kuwa mteja.

Kwa hivyo kabla ya kuuza chochote, rudi kwenye maoni na jumbe zako za miezi mitatu iliyopita. Andika kila swali kwenye daftari. Swali lililorudiwa mara tano ndilo bidhaa yako ya kwanza.

Njia tano za kulipwa

1. *Darasa la WhatsApp.* Mama wetu anafungua kundi la siku 30 kwa watu wanaopokea vifaranga wiki moja. Wote wanaanza pamoja. Kila asubuhi anatuma sauti ya dakika mbili: leo angalia hiki, leo badilisha maji, leo panua nafasi. Jioni anajibu maswali. Kwa wengi hii ndiyo njia inayoleta pesa mapema, kwa sababu video ni ya bure lakini kusaidiwa hatua kwa hatua si bure.

2. *Kijitabu kifupi cha simu.* Kurasa sita au nane za PDF: ratiba ya siku 30, orodha ya vifaa, na jedwali la kuandika gharama. Unakiandika mara moja na kukiuza mara nyingi. Usiweke kila unachojua. Weka kile mtu atakachokifungua akiwa amesimama bandani.

3. *Bidhaa yako mwenyewe.* Kama unafuga, unauza vifaranga. Kama unashona, unauza patani au nguo. Kama unapika, unachukua oda za sherehe. Hapa chaneli inafanya kazi ya kibao cha dukani: mteja amekuona ukifanya kazi kabla hajakupigia simu.

4. *Biashara ya mtaani kwenu.* Usiandikie kampuni kubwa. Nenda kwa agrovet unayonunua chakula cha kuku. Mwambie utaonyesha duka lake kwenye video, na kila mteja atakayetaja jina la chaneli yako akinunua, wewe upate kiasi mlichokubaliana. Au mkubaliane bei moja kwa video. Andikeni makubaliano, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: kiasi gani, kitalipwa lini, na nani anahesabu. Na uwaambie watazamaji kwamba umelipwa. YouTube pia inataka uweke alama hiyo kwenye video.

5. *Zawadi za mashabiki.* Weka namba yako ya kupokea malipo mwishoni mwa video na useme kwa unyenyekevu kwamba anayetaka kuchangia bando anaweza. Pesa hii hupanda na kushuka, kwa hivyo usiipangie bajeti.

Usianze zote tano. Chagua moja, ifanye mara mbili, kisha ongeza ya pili.

Bei ni gani, na faida ni kiasi gani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mtandaoni hakijiuzi kama hujataja bei. Ukiandika "bei njoo inbox", wengi hawaji. Taja bei kwenye video, na iwe ndogo ikilinganishwa na hasara unayomwepusha mteja.

Hii hapa hesabu ya mfano ya mwezi mmoja:

- Darasa: watu 12 kwa sh500 = sh6,000
- Kijitabu: nakala 15 kwa sh100 = sh1,500
- Video moja ya agrovet = sh2,000
- Jumla iliyoingia = sh9,500

Gharama:

- Bando = sh1,500
- Stima na kuchaji = sh300
- Ada za malipo = sh200
- Jumla iliyotoka = sh2,000

Kilichobaki ni sh7,500. Sasa hesabu na muda wako. Kama mwezi huo ulitumia saa 40 kurekodi, kuandika na kujibu watu, umejilipa kama sh187 kwa saa. Huo ndio ukweli wa mwanzo. Lakini mwezi wa pili kijitabu kiko tayari na maelezo ya darasa yako tayari, kwa hivyo saa zinapungua na bei inabaki ile ile. Hapo ndipo faida inapoonekana.

Tenganisha pesa ya chaneli na pesa ya nyumbani

Wengi hukosea hapa. Pesa ya darasa inaingia kwa laini ile ile ya unga, karo na mchango wa harusi. Mwezi ukiisha hujui kama umepata au umepoteza.

Una njia mbili rahisi kwenye M-PESA. Pochi la Biashara inafanya kazi kwa laini yako ya sasa, lakini pesa ya biashara hukaa kando na ile ya matumizi yako. Unajisajili kupitia *334#. Njia ya pili ni namba ya till ya Lipa na M-PESA. Kwa till, jina la biashara ndilo linalomtokea mteja, naye halipi ada ya kulipa. Makato madogo yanabebwa na mwenye biashara. Ukiwa unaanza na wateja kumi, Pochi inatosha. Wakizidi, au ukianza kuuzia watu usiowafahamu kabisa, till inakupa heshima na rekodi safi zaidi.

Kisha tengeneza ujumbe mmoja wa kutuma kwa kila anayeuliza, ili usiandike upya kila mara:

"Habari yako. Asante kwa kuuliza darasa la vifaranga. Ni la siku 30, tunaanza Jumatatu. Ada ni sh500. Lipa kwa namba hii, jina litakalotokea ni hili. Ukishalipa nitumie jina lako, nami nitakuingiza kundini siku hiyo hiyo. Usiporidhika siku tatu za kwanza, nakurudishia pesa yako."

Sentensi ya mwisho ni muhimu. Mtu anamlipa mtu asiyemwona, na anaogopa kuliwa pesa. Ahadi ya kurudisha inaondoa hofu. Ila ukiahidi, tekeleza. Kwa hiyo usitumie ada za darasa mpaka siku tatu zipite.

Jambo lingine: kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mtu anaona namba za wenzake. Waulize kwanza kama wako sawa na hilo, na usimpe mtu wa nje orodha ya namba hizo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, hiyo ni heshima.

Jihadhari na matapeli

Ukianza kupokea pesa hadharani, wajanja nao watakuona. Shika mambo haya:

- *Picha ya skrini si malipo.* Subiri ujumbe wako mwenyewe wa M-PESA, kisha angalia salio. Ujumbe wa uongo hutoka kwa namba ya kawaida na salio lako halibadiliki.
- *"Nimekutumia kimakosa, nirudishie."* Usimtumie pesa kutoka kwako. Mwambie atume ujumbe wake wa M-PESA kwenda 456 ili muamala urejeshwe kwa utaratibu. Ukimrudishia wewe, kisha muamala wa kwanza nao urejeshwe, umelipa mara mbili.
- *"Kampuni" inayotaka ada ya usajili ili ikudhamini.* Mdhamini hukulipa wewe. Ukiambiwa ulipe kwanza, ondoka.
- *Faili la "mkataba" kwa barua pepe.* Mengine huiba akaunti yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya chaneli, na usimpe mtu yeyote PIN yako wala namba za siri zinazotumwa kwa SMS.

Kodi na mipaka ya kazi yako

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilitambua mapato ya wanaotengeneza maudhui mtandaoni: udhamini, mauzo, uanachama, hata michango ya mashabiki. Kampuni ya Kenya inayokulipa kwa maudhui hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Omba cheti cha makato hayo, kwa sababu utakihitaji ukijaza ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Biashara nyingine zitakuomba ankara ya eTIMS kabla ya kulipa. Kwa hivyo PIN ya KRA iwe tayari, na daftari la mapato na gharama liandikwe kila wiki.

Na uza unachokijua tu. Mama wetu anaweza kufundisha joto, maji, usafi na ratiba. Kifaranga akiugua, hapimi dozi ya dawa kwa simu. Anamwelekeza mteja kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Ushauri mmoja mbaya unaweza kuua kuku wa mtu, na pamoja nao jina lako. Chaneli ndogo haina mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa.

Kazi ya wiki hii

1. Leo: pitia maoni yako na uandike maswali yanayojirudia.
2. Kesho: chagua swali moja, na uamue kama ni darasa au kijitabu.
3. Siku ya tatu: fungua Pochi au uombe till, na uandike ule ujumbe mmoja.
4. Siku ya nne: rekodi video ya dakika tatu inayojibu nusu ya swali hilo kwa ukweli na kwa bure. Mwishoni taja bei, namba na siku ya kuanza.
5. Mwisho wa wiki: wajibu wote waliouliza, hata ambao hawakulipa.

Wakija watu watatu, wafundishe kama wangekuwa mia. Hao watatu wakifaulu, waombe ruhusa ya kuonyesha mabanda yao kwenye video inayofuata. Na siku nyumbani watakapouliza tena hiyo YouTube inalipa lini, fungua simu uwaonyeshe ujumbe wa malipo.