Naibu Meya, Kazi Unayo

Barua niliyoichagua leo imetoka kwa diwani wa Viti Maalum ambaye madiwani wenzake wamemchagua kuwa naibu meya. Jina na mji nimevificha kama alivyoomba. Anasema tangu achaguliwe kazi yake ni kuvaa joho, kukata utepe na kumwakilisha meya kwenye mahafali, ilhali wabeba mizigo wa sokoni na mabinti walioacha shule mtaani kwake wanamuuliza atawasaidia nini. Fungu hana. Hundi anasaini mkurugenzi. “Dada, nifanyeje na cheo kisicho na meno?”

Hongera kwanza, mheshimiwa mdogo wangu. Halafu acha kulilia kalamu ya mkurugenzi, hupewi. Naibu meya kwetu huchaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo ukitumia miezi sita kununa, nusu ya cheo imekwenda. Wewe una kitu ambacho yule kijana wa sokoni hana: ukipiga simu, inapokelewa. Ukiomba kikao, unapewa kiti na maji ya chupa. Hicho ndicho cha kuwagawia.

Nikupe mfano wa mbali kidogo, ingawa mwenyewe ni mtoto wa pande zetu. Magid Magid alizaliwa Somaliland, akapita kambi ya wakimbizi Ethiopia, akafika Sheffield, Uingereza, akiwa na miaka mitano. Mwaka 2018, akiwa na miaka 28, madiwani wenzake walimfanya Lord Mayor wa mji huo. Ni cheo cha mwaka mmoja: kuongoza vikao vya baraza, kupokea wageni, kuvaa mkufu. Picha yake rasmi akiwa amechuchumaa juu ya ukingo wa ngazi na mabuti miguuni ilizua gumzo kubwa, na wengi hawakumbuki kingine. Lakini mwaka huohuo alimteua Otis Mensah, kijana wa hiphop, kuwa mshairi rasmi wa mji, nafasi ambayo Sheffield haikuwahi kuwa nayo. Na kwenye asasi alizochagua kuzichangishia fedha aliweka Unity Gym Project, jimu ya mtaani inayolea vijana. Hakuwa na bajeti ya kutisha. Alikuwa na mkufu, akauelekeza kwa watu ambao mkufu huwa hauwaangalii.

(Mabuti usiige. Hapa kwetu watakujadili mabuti mwaka mzima, na vijana watasahaulika.)

Sasa turudi kwako. Hao wabeba mizigo, umewahi kuwauliza nani ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa? Waulize. Kijana aliyekulia mtaani au kwenye makao ya watoto mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, kupata namba ni mlima. Bila namba, laini ya simu anasajiliwa na rafiki, akaunti ya benki hafungui, mkopo wa halmashauri hausogelei. Watu wanaandaa semina za ujasiriamali kwa vijana ambao kiserikali hawajulikani kama wapo! Hapo joho lina kazi. Andika barua moja kwa RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, moja kwa NIDA, moja kwa uhamiaji, uwaombe siku moja waje wakae kwenye ukumbi wenu wa mikutano, meza kwa meza. Wenyeviti wa mitaa waje na mihuri yao. Barua ya kijana mmoja ingelala kwenye trei. Yako itajibiwa, maana atakayeipuuza anajua mtakutana kwenye gwaride la sherehe ijayo.

Ukishamaliza hapo, ingia kwenye pesa. Ndiyo, zipo. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Unajua pia kilichotokea. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilijaa vikundi hewa na mikopo isiyorudi, serikali ikaisimamisha mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wewe si mtoa mkopo na usijifanye mtoa mkopo. Siku utakayomwambia kijana “nitakusaidia upate” umeshaharibu. Kazi yako ni maswali. Kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi taarifa za mapato na matumizi zinaletwa, na wajumbe wengi huishia kufungua ukurasa wa posho. Fungua wa mikopo. Uliza: asilimia 4 ya vijana imetengwa kwenye karatasi au imefika? Vikundi vilivyopata viko kata zipi? Mbona sokoni hakuna hata kimoja? Uliza kwa upole, kila kikao, mpaka mweka hazina ajue swali lako kabla hujawasha kipaza sauti.

Huku nyuma, vijana nao waandaliwe. Kikundi kinataka katiba, usajili, akaunti, na andiko la biashara lenye kueleweka. Mwombe Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata awafuate kijiweni jioni, wakiwa wamemaliza kubeba. Akisema hana nauli, mlipie bodaboda. Hiyo ni pesa ndogo kuliko shada la maua ulilovishwa juzi.

Jambo lingine ambalo wengi hawaligusi. Zabuni za umma zina asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, ila lazima kikundi kiwe kimejisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Vijana wanaochomelea mageti pale barabarani wanaweza kutengeneza madawati ya shule za halmashauri yenu. Mtambulishe ofisa ununuzi kwao, kisha ondoka. Nasema ondoka. Ukikaa pale, itaonekana zabuni ni yako.

Kuhusu mabinti. Tangu Novemba 2021 binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Ruhusa ipo, ila binti mwenye mtoto mgongoni kugonga mlango wa mkuu wa shule peke yake ni jambo jingine kabisa. Nenda naye. Vaa gauni lako la kawaida, salimia, kaa pembeni yake, mwache aongee mwenyewe. Halafu kumbuka Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya halmashauri, ambayo kwa kawaida naibu meya ndiye mwenyekiti wake. Wengi huiona kamati ya kusinzia. Ni kiti pekee ambacho wewe ndiye unayepanga ajenda, na afya ya mabinti na vijana wa mtaani imo humohumo.

Na huo ugeni rasmi unaokuchosha? Kila wikiendi unakaa meza kuu na wakandarasi, mameneja wa benki, wenye hoteli. Kabla hujakubali mwaliko, weka sharti dogo: nafasi mbili za mafunzo kazini kwa vijana wa mtaani, au fulana za shughuli zishonwe na kikundi fulani. Wengine watacheka, wengine watakubali. Ahadi iandikwe na mtendaji aifuatilie, maana ahadi za kwenye kipaza sauti hazina mtunza kumbukumbu.

Picha sasa. Usimpange kijana mstarini kupokea sabuni na daftari huku kamera ikimmulika na mtangazaji akitaja kwamba ni yatima. Huyo kesho anarudi darasani na wenzake wameiona.

Umeniuliza mwisho kuhusu timu ya mtaani inayokudai jezi na mpira. Nunua mpira, kwa pesa yako, bila waandishi. Jezi wasubiri kwanza. Nahodha akija kukushukuru, mpe daftari akuandikie wachezaji wote ambao hawana namba ya NIDA.