SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KUNUNUA GARI LA TOPE LILILOKWISHA KUTUMIKA

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha katibu na Bodi ya chama cha msingi kununua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililokwisha kutumika, kwa bei ambayo chama kinaimudu, bila ya kupoteza fedha ya wanachama. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya jambo lenyewe kufikishwa katika mkutano mkuu.

1. Taabu ya mbuga

Mtu atokaye Nyakato kwa barabara ya Musoma hupita Igoma na Kisesa hadi Magu akiwa juu ya lami, na gari lolote dogo laweza kumfikisha. Taabu huanza pale anapoiacha lami na kuingia vijijini. Juu ya vilima uko udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Maji hupenya upesi na njia hukauka. Bondeni iko mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Mvua ikinyesha huvimba, hunata katika tairi mpaka kashata zake hazionekani, na gari huteleza kama lililopakwa sabuni.

Katika nchi za baridi, kama vile Kanada na sehemu za kaskazini ya Japani, watu hununua magari ya namna hii kwa ajili ya theluji. Kanda ya Ziwa haina theluji, lakini mbuga iliyolowa huleta shida ile ile: tairi haipati mahali pa kushika. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili likipoteza mshiko nyuma, limekwisha. Linalovuta kwa manne laweza kujivuta kwa mbele.

Ni lazima kuangalia pia majira ya kazi. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, mvua zinapoanza, na ununuzi huanza kwa kawaida mwezi wa Mei. Kwa hiyo mbegu na dawa hupelekwa vituoni wakati njia ni mbovu kupita wakati wote. Mbegu zikichelewa wiki mbili kwa sababu gari limekwama au limeharibika, mkulima hupanda kwa kuchelewa na mavuno yake hupungua. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote la chama, lakini mwanachama huiona shambani.

2. Je, chama kinahitaji gari lake chenyewe?

Swali hili hutangulia mengine yote. Chama chenye safari chache kwa mwaka hufanya vema kukodi, au kupatana na vyama jirani kutumia gari moja kwa zamu, kwa mkataba ulioandikwa. Gari lililoegeshwa hugharimu bima, betri na matairi yanayooza kwa jua. Katibu na atoe orodha ya safari za msimu uliopita: tarehe, mahali, kilomita, na fedha iliyolipwa kwa kukodi. Orodha hiyo ndiyo itakayosema, si hamu ya kuwa na gari mlangoni.

3. Aina za magari

Maneno 4WD yaliyoandikwa nyuma ya gari hayatoshi. Magari madogo kama Toyota RAV4 huvuta kwa manne, lakini hayana gia nzito ya kulikokota gari polepole kwa nguvu. Kwa barabara ya changarawe yanafaa. Kwa mbuga iliyolowa na mzigo wa magunia hayatoshi. Gari la kazi lina kigingi cha pili au swichi yenye alama za H2, H4 na L4. H2 ni ya lami, H4 ni ya tope na changarawe laini, na L4 ni ile gia nzito.

Land Rover za zamani, kama Series III iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, hutengenezwa kwa urahisi, na mafundi wengi wazee wanazijua. Bodi yake ni ya aluminiamu ambayo haipati kutu nyekundu, lakini chesisi yake ni ya chuma. Kwa hiyo gari laweza kung'aa juu huku mifupa yake imeliwa chini.

Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza 1984 na ambazo wengi huziita mkonga, ndizo zinazosifiwa zaidi. Injini yake ya dizeli iitwayo 1HZ, ya silinda 6 na lita 4.2, haina mambo mengi ya umeme, na vipuri vyake hupatikana. Bei yake ni kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Mnunuzi aulize ni lini mkanda wa taiming ulibadilishwa. Ukikatika injini ikizunguka, vali hugongana na pistoni.

Toyota Hilux ya dizeli yenye kigingi cha pili hubeba mzigo na hula mafuta kidogo kuliko mkonga. Suzuki Escudo zenye gia nzito ni za bei nafuu, ila hubeba watu na karatasi kuliko magunia.

Kanuni ni hii: chagua aina ambayo fundi wa karibu anaijua na ambayo vipuri vyake vinauzwa Mwanza. Gari zuri lisilo na vipuri ni chuma tu.

4. Kukagua gari

Wapo wanunuzi wanaotazama rangi, viti na redio, kisha wakatoa fedha. Huko ni kununua mbuzi ndani ya gunia. Gari la tope hukaguliwa kuanzia chini kwenda juu, mchana, likiwa limeoshwa chini, naye fundi awe wa chama. Fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali si shahidi wa kutegemewa.

(a) Chesisi. Fundi alale chini ya gari na kugonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya mfu, na pengine nyundo huzama. Atafute viraka vya kuchomelea na nyufa karibu na boksi ya usukani na mahali springi zinapofungwa. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ni ya kutiliwa shaka. Hapa habari ya theluji hurudi tena: katika Uingereza na Japani ya kaskazini barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma cha chini. Gari laweza kufika Dar es Salaam likiwa na kilomita chache na chesisi mbovu.

(b) Injini. Muuzaji aambiwe mapema asiwashe gari siku hiyo. Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Ikiwaka, moshi utazamwe. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi mzito ni wa nozeli au chujio la hewa. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji kupungua katika rejeta, ni dalili ya gasketi au silinda hedi. Oili iliyobadilika rangi kama maziwa imeingiwa na maji. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

(c) Gia, difu na uvutaji. Kila gia ijaribiwe katika mteremko kwa kuachia mafuta ghafla. Gia inayoruka imechakaa. Oili ya difu zote mbili ichunguzwe: chembe zinazometa ni meno yanayosagika, na weupe ni maji yaliyoingia gari lilipovuka mto. Kisha gari lipelekwe mahali penye udongo laini, liwekwe H4 na baadaye L4, lipande polepole, watu wakisimama pembeni kwa mbali kutazama kama magurudumu ya mbele nayo yanachimba udongo. Jaribio hili lisifanywe juu ya lami kavu. Magari mengi ya aina hii hayana difu ya katikati, na kwenye lami, likigeuka, mitambo hukazana hadi kuvunjika. Muuzaji akisema kwamba jaribio si la lazima, Bodi ijue kwamba ndiyo sehemu iliyokufa.

(d) Matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, ziko tarakimu nne. Tarakimu 2319 zina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nyingi laweza kuwa limezeeka. Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja. Yakitofautiana huharibu difu na giaboksi.

(e) Kilomita. Mita huweza kurudishwa nyuma. Ilinganishwe na pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haiwezi kuwa ya kilomita 60,000.

5. Karatasi

Gari zima lenye karatasi mbovu ni hasara kuliko gari bovu. Nambari ya chesisi na ya injini zisomwe juu ya chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi, kisha zithibitishwe Mamlaka ya Mapato (TRA). Polisi waulizwe kama gari halitafutwi. Aidha iulizwe kama gari halikuwekwa dhamana ya mkopo.

Magari ya miradi na ya mashirika yahitaji uangalifu wa pekee. Mengi yametunzwa vizuri, lakini mengine yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa asiye na msamaha, kodi huweza kudaiwa. Chama kidai uthibitisho wa maandishi kwamba kodi imelipwa, kabla ya kutoa senti moja.

Kadi mpya iandikwe kwa jina la chama. Isiandikwe kwa jina la mwenyekiti, meneja, wala mwanachama mwaminifu, hata kwa muda. Mwaminifu naye hufa, na warithi hufuata kilichoandikwa.

6. Hesabu

Tuchukue mfano wa kufundishia. Chama chenye wanachama 400 kina shilingi milioni 40. Gari la kwanza lina rangi mpya na linauzwa milioni 38. Gari la pili limepauka, viti vimechanika, lakini chesisi ni nzima na mitambo imejaribiwa. Linauzwa milioni 28.

Chama kikinunua la kwanza kitabaki na milioni 2. Zikiondolewa gharama za kuhamisha umiliki na bima, hakuna kitakachobaki. Klachi ikiungua Desemba, gari litasimama hadi fedha nyingine ipatikane. Kikinunua la pili, kitalipa milioni 28, matairi milioni 3, umiliki na bima milioni 2, na matengenezo ya kwanza milioni 3. Jumla ni milioni 36, na milioni 4 hubaki kuwa akiba ya dharura ndani ya msimu.

Milioni 40 zikigawanywa kwa wanachama 400, kila mmoja ameweka shilingi 100,000 ndani ya gari hilo. Likifa katika mwaka wa kwanza, kila nyumba imepoteza laki moja, na aliyepoteza hakuulizwa kama rangi ilimpendeza. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Lakini ghali nayo siyo lazima iwe imara. Kipimo ni fedha itakayobaki baada ya ununuzi.

7. Uamuzi na utunzaji

Ununuzi uwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Kama fedha ni ya mkopo, mkopo huo usivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajis, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 inavyotaka. Bodi ipate bei za maandishi za wauzaji wasiopungua watatu, taarifa ya fundi iliyotiwa saini, na maamuzi yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Malipo yapite benki. Malipo ya mkononi kwa dalali hayana shahidi.

Gari likifika, liingizwe katika daftari la mali za kudumu na uchakavu wake ukadiriwe kila mwaka. Daftari la safari likae ndani ya gari: tarehe, kilomita za kuondoka na kurudi, lita za mafuta, kazi, na saini. Mwanachama anayehitaji gari kwa mgonjwa au msiba asaidiwe kwa kiwango kilichopangwa mapema na mkutano, sawa kwa wote. Pasipo kiwango, gari la chama hugeuka gari la viongozi, na manung'uniko huanza.

Maswali ya majadiliano

1. Msimu uliopita chama chetu kilisafiri kilomita ngapi, na kwa gharama gani? Je, tunahitaji gari au tunahitaji kukodi?
2. Ni fundi gani wa karibu asiye na uhusiano na muuzaji, awezaye kutuandikia taarifa?
3. Kwa nini gari la bodi ya aluminiamu laweza kumdanganya mnunuzi?
4. Mwenyekiti ajitolea kuandikisha gari kwa jina lake ili kuharakisha kazi. Mkutano umjibu nini?
5. Baada ya kulipa bei ya gari, chama chetu kitabakiwa na akiba kiasi gani ifikapo Novemba?