Mtoto wa Shule ya Kati, Kuanzia Saa Tisa Hadi Saa Kumi na Mbili

Familia nyingi za Wakongomani waliohamia Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Burundi zinaishi kwa zamu: baba yuko kazini mchana, mama anajiandaa kwa zamu ya usiku, na mtoto wa miaka 12 anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwangalia. Yuko shule ya kati, ambayo katika wilaya nyingi ni darasa la 6 hadi la 8. Amekua mno kwa yaya, na bado hajafikia kuachwa ajitawale. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani zimeonyesha tangu zamani kuwa, siku za masomo, ukatili wa vijana huongezeka zaidi katika saa zinazofuata kengele ya kutoka. Kituo cha jamii ndicho mahali pa kumweka mtoto saa hizo.

Anzia ofisi ya shule. Uliza kama shule inashirikiana na mpango wa 21st Century Community Learning Centers. Ni fedha za serikali kuu zinazopitia jimbo, zikilenga hasa wanafunzi wa maeneo ya kipato cha chini, na mara nyingi mzazi halipi kitu. Nafasi hujaa mapema, kwa hiyo uliza kabla muhula haujafunguliwa. Vituo vya jamii kama YMCA na Boys & Girls Clubs hutoza ada, lakini unaweza kuomba kupunguziwa kulingana na kipato chako; usiondoke kwa kuiona bei ukutani. Kama mtoto hajatimiza miaka 13 na wazazi mnafanya kazi au mnasoma, ulizeni pia ruzuku ya jimbo ya malezi ya watoto.

Fomu ya kujiandikisha isomwe kwa utulivu, hasa sehemu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Kwetu jirani au binamu yeyote anaweza kumpitia; huko, asiye kwenye orodha atarudishwa mlangoni hata mtoto akimwita shangazi. Andika majina kadhaa, na kila mmoja aende na kitambulisho. Ukimruhusu mtoto atoke peke yake, fikiria majira ya baridi: mwezi Desemba kule Portland, Maine, jua linazama kabla ya saa kumi na nusu alasiri. Uliza pia faini ya kuchelewa, na kama kuna basi la jioni.

Usimfanye mtoto mkalimani wako katika mazungumzo haya. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, kwa hiyo omba mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya.

Kisha nenda ukaone kwa macho, saa kumi na moja hivi, watoto wakiwa wamejaa. Je, wa umri huu wana chumba chao, au wamechanganywa na wadogo wa darasa la kwanza? Nani anakaa nao kwenye kazi za nyumbani? Mtoto aliyetoka kambini kwa kawaida huwekwa darasa la umri wake hata kama hesabu za miaka ya nyuma zilimpita, naye anahitaji mtu wa kurudi naye kwenye sehemu rahisi bila kumwaibisha. Chakula cha jioni hutolewa bure katika vituo vingi vya maeneo yenye uhitaji; kama hamli nguruwe, lisemeni mapema.

Ninayemhurumia zaidi ni binti mkubwa. Mara nyingi kaka yake anakwenda kwenye mpira, yeye anabaki nyumbani na wadogo zake, na miaka ya shule ya kati inaisha hajagusa kompyuta ya kituo wala kujiunga na timu. Tafuteni kituo kinachopokea wa shule ya msingi na wa shule ya kati chini ya paa moja, muwaandikishe wote siku hiyo hiyo, na jina la binti litangulie kwenye fomu.