MJOMBA ALISOMEA ELEKTROKEMIA. KAZI IKO WAPI?

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniomba mwaka huu niandike somo kuhusu kazi na taaluma. Nikamwambia mimi sijawahi kufanya kazi yoyote ila kuchuma kahawa na kuchota maji. Akacheka, akanijibu, "Basi andika habari za mtu aliyefanya." Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama, na habari zake zinanihusu mimi pia, kama mtakavyoona.

Niko Kidato cha Tatu na kemia ndiyo somo nilipendalo kuliko yote. Muhula wa kwanza tulipewa ile fomu ya kuchagua kazi, nami pale kwenye chaguo la kwanza nikaandika "elektrokemia". Baba alipoisoma alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Unataka kusoma miaka sita uje kujaza watu maji ya betri kama mjomba wako?" Hakutia sahihi. Likizo ya Aprili ilipofika niliomba ruhusa, nikapanda matatu hapa Embu. Tulipita Runyenjes, tukavuka mto Thuchi, tukapita Chuka na lile daraja la Nithi ambalo abiria wote hunyamaza wakilikaribia, hata nikashuka Nkubu. Nilikwenda kumwuliza mwenyewe.

Kabla sijawaambia aliyonijibu, tuelewane kwanza elektrokemia ni kitu gani, kwa maana hata katika darasa letu kuna wanaodhani ni kazi ya stima tu. Ni elimu ya pale umeme na kemia vinapokutana. Ukipitisha umeme katika maji yenye chumvi au asidi, vitu vilivyoungana huachana: shaba hutoka ndani ya maji ikajibandika kwenye bamba. Ukigeuza mambo, yaani ukiacha vitu vyenyewe vifanye kazi kwa mpango, hukupa umeme, na hiyo ndiyo betri. Mwingereza Michael Faraday aliweka kanuni zake miaka ya 1830. Huko St Petersburg, mwaka 1838, Moritz Jacobi aligundua njia ya kutengeneza nakala za vitu kwa kuvipaka shaba kwa umeme. Baadaye Wasovieti waliitukuza sana elimu hii. Katika Chuo Kikuu cha Moscow kulikuwa na idara nzima ya elektrokemia chini ya profesa Frumkin tangu mwaka 1933. Walikuwa na sababu. Alumini haipatikani bila umeme mwingi, nikeli vivyo hivyo, klorini pia, na manowari na vyombo vya angani vyote vilitaka betri.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi sikulijua. Mwanafunzi wa Kisovieti alipomaliza chuo hakutafuta kazi. Serikali ilimpangia kiwanda au taasisi, naye akatumikia huko kwa muda wa miaka 3 hivi. Alijua atakakokwenda hata kabla wino wa diploma haujakauka. Mwanafunzi wa kigeni yeye alipewa diploma na tikiti ya ndege.

Wakenya wa kwanza kwenda huko hawakwenda kwa raha. Mwaka 1959 Tom Mboya alipeleka vijana 81 Marekani kwa ndege moja. Jaramogi Oginga Odinga yeye alitafuta nafasi katika nchi za Mashariki, na kwa kuwa serikali ya kikoloni iliwanyima wengi pasi, vijana walipenya kupitia Sudan hadi Misri ndipo wakaendelea na safari. Chuo cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Si wote waliofurahi. Mwaka 1965 kundi la Wakenya waliokuwa wakisoma Baku walisusia masomo na kurudi nyumbani, wakilalamika kwamba wanabaguliwa. Na nyumbani nako, baada ya Odinga kukosana na Kenyatta mwaka 1966, mtu aliyesoma Mashariki aliweza kutazamwa kwa jicho la shaka hata kama alisomea meno ya ng'ombe.

Mjomba alikwenda baadaye, mwaka 1985, baada ya Kidato cha Sita, kwa ufadhili wa serikali ya Kisovieti. Sisi husema "alisoma Urusi", lakini kwa kweli alisoma Kharkov, mji ambao leo ni wa Ukraine na ambao tangu mwaka 2022 tunausikia ukipigwa makombora. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha peke yake. Kemia ya Kidato cha Sita aliyokwenda nayo ilimbidi aifunge sandukuni, ajifunze kwanza kusema "mkate" na "baridi". Kisha miaka 5 ya shahada. Alirudi Julai 1991, na Desemba ya mwaka uo huo nchi iliyompa diploma ikavunjika.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Katika ofisi moja ya Nairobi aliambiwa alete tafsiri ya diploma yake. Akaileta. Akaambiwa alete barua kutoka kwa waliompa. Mjomba akauliza, "Nimwandikie nani, na nchi haipo?" Alizungushwa hivyo mpaka mwaka 1994. Wakati wote huo alifundisha kemia katika shule moja ya sekondari kama mwalimu asiyesomea ualimu, kwa mshahara wa bodi ambao mwezi mmoja ulikuja, mwezi wa pili ukangojewa. Karatasi zilipokubaliwa, serikali yenyewe ilikuwa ikipunguza wafanyakazi.

Nilimwuliza, "Mjomba, kwa hivyo ilikuwa kazi bure?" Hakunijibu moja kwa moja. Alinieleza habari za wenzake wawili wa darasa. Wa kwanza alikuwa Msovieti, akapangiwa Bratsk, kule Siberia. Bratsk kuna bwawa la umeme la megawati 4,500 na karibu yake kiwanda kikubwa cha alumini. Wa pili alikuwa Mzambia, naye alirudi kwao akaajiriwa Kitwe, mahali shaba husafishwa kwa umeme, bamba kwa bamba, katika matangi marefu. Diploma zao tatu zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kwamba Mzambia alirudi akakuta tangi.

Na sisi je? Hapa Embu tuna mabwawa. Kindaruma ilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, kisha Masinga na Kiambere. Gitaru ndiyo yenye nguvu zaidi, megawati 225. Mjomba alichukua kalamu akanipigia hesabu nyuma ya risiti: tani moja ya alumini hula umeme wa saa-megawati kama 15, kwa hiyo Gitaru yote, ikizunguka mchana na usiku bila kumpa mtu mwingine hata taa moja, ingetoa tani 360 kwa siku. Nchi nzima ingekaa gizani ili tupate sufuria! Kwa hiyo kiwanda hicho hatuna. Cha betri kavu kilikuwapo Nakuru tangu 1967, nacho kikafungwa mwaka 2014. Katika nchi za Waswahili, tangi za elektrokemia hasa ziko Kongo, Likasi na Kolwezi, wanakosafisha shaba na kobalti.

Lakini kulikuwa na jambo lingine karibu na nyumbani, tena kabla mjomba hajasafiri. Mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, katika Meru ya wakati ule, iliwekewa taa za nguvu za jua. Walioshughulika ni mhandisi Mmarekani Harold Burris na kijana Mmarekani Mark Hankins, aliyekuwa akifundisha hapo kwa kujitolea. Baadaye mafundi wa huku walifunzwa kazi hiyo, na wakulima wa kahawa na chai wakaanza kununua vibamba vya jua ili wapate taa na televisheni. Mjomba aliporudi alikuta mapaa yanang'aa. Chini ya kila paa kulikuwa na betri ya gari, na kila baada ya mwaka au miaka miwili betri ilikufa. Watu walilaumu jua, wengine jirani mwenye kijicho.

Hapa naomba mtoe daftari. Betri ya gari ina seli 6, kila moja karibu volti 2. Ndani ya seli kuna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yote yamezama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ikitoa umeme, mabamba ya aina zote mbili hugeuka salfeti ya risasi na asidi huwa nyepesi. Ikijaa, kipimo cha uzito wa asidi husoma kama 1.27, ikiisha hushuka chini ya 1.15. Ukiichaji mapema, salfeti hurudi ilikotoka. Ukiiacha wiki nzima ikiwa tupu, salfeti hugeuka fuwele ngumu, na hizo hazirudi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiiambia iangalie mpira nawe hadi usiku wa manane, unaiua. Usiipunguze kupita nusu. Maji yake yakipungua, ongeza maji safi ya betri, si ya mtoni na si asidi. Na usiwashe kiberiti karibu nayo ikichajiwa, maana hutoa haidrojeni.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiwaeleza wateja, ati "kujaza maji ya betri". Mzee mmoja nilimkuta pale dukani aliniambia betri yake imefika mwaka wa 6. Kuna kazi moja tu ambayo mjomba hukataa kabisa: kuvunja betri kuukuu na kuyeyusha risasi. Alinitajia kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, ambako moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliwatia watoto sumu ya risasi. Phyllis Omido aliyewapigania alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3.

Siku ya kuondoka nilimwomba aniambie ukweli, niandike elektrokemia au niifute? Alisema, "Baba yako hajakosea. Mimi nilikaa miaka mingi bila kazi ya maana, na mama yako ndiye aliyekuwa akinipa nauli. Lakini wakati huo hapakuwa na pikipiki za umeme. Leo zimo Nairobi, na kila moja imebeba betri ya lithi. Ukienda kusoma, popote pale, uliza mambo mawili kabla hujapanda ndege: cheti hiki kitakubaliwa nyumbani, na tangi liko wapi?"

Nilimweleza Baba yote haya jioni, tukila githeri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza betri yetu ya sola ilinunuliwa lini. Nikamwambia. Akatoka nje na tochi kwenda kuitazama maji. Fomu bado ninayo, na muhula huu mwalimu ameniuliza mara mbili iko wapi.