Mafuta Ndani ya Meli Iliyozama

Tarehe 20 Novemba 1944, katika Vita Kuu ya Pili, meli ya mafuta ya Marekani iitwayo Mississinewa ilipigwa na Kaiten, kombora la Kijapani lililoongozwa majini na mtu aliyekaa ndani yake. Watu 63 walikufa. Meli ilizama Ulithi, katika bahari ya Pasifiki, ikatua kitako juu kwenye kina cha meta 40 hivi.

Densiti ya mafuta ni ndogo kuliko ya maji ya bahari. Kwa hiyo mafuta yalipanda yakanaswa chini ya mabamba ya kitako. Lakini chuma kikikutana na maji ya chumvi na oksijeni hupata kutu na kukonda. Mwaka 2001, baada ya dhoruba, mafuta yalianza kuvuja, yakahatarisha maji ambamo wenyeji huvua samaki.

Mwezi Februari 2003 mafuta hayo yalipampuliwa. Wazamiaji walikaza valvu juu ya bamba, wakapitisha keekee ndani yake na kutoboa. Keekee ilipotoka, valvu ilifungwa, kisha mpira wa pampu ukaunganishwa. Hivyo tundu halikuachwa wazi. Lita milioni 6.8 hivi ziliondolewa. Meli yenyewe iliachwa mahali pake.

Zoezi

1. Kama meli ingetua wima, mafuta yangekusanyika wapi? Eleza sababu.

2. Densiti ya maji ya bahari ni kg 1,030 kwa meta moja ya ujazo. Tafuta kanieneo ya maji hayo katika kina cha meta 40 (g = N 10 kwa kg).