Je, kukandwa nyayo huleta uchungu wa kujifungua?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, naishi Sola, Maswa, na hii ni mimba yangu ya kwanza. Kliniki wameniambia nimefikisha wiki 36. Wifi yangu amejifunza Mwanza kukanda nyayo kwa kubonyeza sehemu maalumu. Anasema akianza sasa kizazi kitaamka na nitajifungua upesi bila kupasuliwa. Mama mkwe naye ameniandalia dawa ya mizizi ninywe uchungu ukichelewa. Sitaki kuwavunjia heshima, lakini naogopa. Nifanyeje?*
*Mama Kijacho, Sola*

Marahaba, binti yangu. Una haki ya kuogopa. Umeniletea mambo mawili: la wifi likubali kwa masharti, la mama mkwe likatae.

Anachofanya wifi yako huitwa rifleksolojia. Ilienezwa Marekani katika miaka ya 1930 na Eunice Ingham, aliyeamini kwamba kila sehemu ya wayo inahusiana na kiungo fulani cha mwili. Utafiti haujathibitisha kwamba kubonyeza wayo kunaamsha kizazi, wala kwamba kunamwepusha mama na upasuaji. Hata hivyo, kukandwa kunalegeza mwili na kupunguza wasiwasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linakubali kukandwa kuwa njia mojawapo ya kupunguza maumivu ya uchungu, mama mwenyewe akitaka.

Basi akukande taratibu, umeketi na kuegemea au umelalia ubavu. Asikukande tumbo. Asibonyeze kwa nguvu juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Hata wataalamu wa tiba ya Kichina huiepuka sehemu hiyo kabla mimba haijakomaa, nawe hujafikisha wiki 37. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usikandwe kabisa, maana huenda damu imeganda ndani. Uso na mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana au ukiona maruweruwe, huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Ukiona lolote kati ya hayo, au damu ikikutoka, chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Dawa ya mizizi usiinywe. Hospitali nao wana dawa ya kuongeza uchungu, oksitosini, lakini huitoa kwa dripu, tone kwa tone, huku mkunga akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Akiona hatari, anaifunga. Dawa ya kikombe haina kipimo, na ikishashuka tumboni hakuna wa kuizuia. Uchungu ukizidi mno, mtoto hukosa hewa na kizazi kinaweza kupasuka. Tena uchungu huweza kukwama kwa sababu mtoto amekaa vibaya au nyonga ni nyembamba. Hapo kuuongeza ni kumtafutia mama kifo.

Usibishane na mama mkwe. Nenda naye kliniki siku yako ijayo, umwombe mkunga awaeleze wote wawili. Anataka mjukuu azaliwe salama; akisikia hatari hiyo kwa mtaalamu, heshima yake inabaki. Mwulize mkunga pia kama wifi yako anaweza kuwa nawe wakati wa uchungu akukande mgongo. Mwongozo huohuo wa 2018 unapendekeza mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe.

Maandalizi ya kweli ni haya: mkubaliane na mumeo sasa nani atakupeleka Hospitali ya Wilaya ya Maswa usiku, kwa chombo gani, na fedha ziwe zimewekwa. Udongo wa mbuga wa Simiyu unanasa magurudumu mvua ikinyesha, kwa hiyo uchungu ukianza ondoka mapema. Ukifikisha wiki 41 bila uchungu, nenda wakupime. Hilo ni la daktari na mkunga kuamua.

Nanyi wasomaji wenye binti au mkwe mjamzito nyumbani, nawasihi: mkandeni miguu akipenda, lakini msimnyweshe dawa ya kuharakisha uchungu. Mpelekeni hospitali.